Upande wa Kaskazini wa Kanisa



Wengi wetu tumezoea kuwazika wapendwa wetu nyumbani. Kaburi liko shambani, karibu na migomba au chini ya mwembe, na watoto hucheza kando yake bila hofu. Mtu akifia mjini, jamaa huchanga fedha ili mwili urudishwe kwao, maana kuzikwa ugenini huonekana kama kupotea. Kwa hiyo huenda tukashangaa kidogo kusikia kwamba huko Uingereza, kwa mamia ya miaka, karibu kila mtu wa kijiji alizikwa mahali pamoja, yaani katika uwanja unaolizunguka kanisa la parishi yake. Mwenye shamba na kibarua wake, mtoto wa siku tatu na bibi wa miaka tisini, wote waliingizwa kwa lango lile lile. Uwanja wenyewe mara nyingi hauzidi eka moja au mbili. Hebu fikirini watu wa miaka mia nane katika eka moja!

Leo twataka kuwapeleka, kwa fikira, katika uwanja mmoja wa namna hiyo. Uko katika kijiji cha Selborne, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza, kiasi cha kilometa 80 kutoka London. Si kijiji kikubwa. Kina barabara moja, na nyuma ya nyumba kuna kilima kirefu kilichofunikwa na msitu. Hakuna mfalme aliyezikwa hapo. Lakini katika uwanja huo aliishi na kutembea mtu mmoja aliyezoea kutazama mambo madogo mpaka yakamfungulia siri zake. Tena kuna jambo moja lililomshinda mtu huyo maisha yake yote, na jibu lake lilikuwa huku kwetu Afrika, likiruka juu ya vichwa vya babu zetu.

Kanisa la Mtakatifu Mariamu la Selborne lilijengwa katika karne ya 12, yapata mwaka 1180. Nguzo zake za mawe ni nene, fupi na imara, kama za watu waliojenga wakijua kwamba wajukuu wa wajukuu wao wangeziegemea. Lakini jambo ambalo wageni wengi huulizia kwanza si kanisa. Ni kisiki.

Kisiki hicho ni mabaki ya mti ambao Waingereza huuita yuu. Majani yake ni membamba, ya kijani iliyokolea, yanayokumbusha ya miti yetu ya podo kule milimani, wala hayapukutiki wakati wa baridi. Ni mti wenye sumu. Ng'ombe au farasi akila majani yake aweza kufa. Hata hivyo Waingereza wameipanda, au wameikuta, katika viwanja vingi vya makanisa. Kwa nini? Wengine husema ni kwa ajili ya kulikinga kanisa na upepo. Wengine husema ni kwa sababu mbao zake zilitengenezewa pinde za vita, na wengine kwamba mti usiopoteza majani ulikuwa mfano wa uzima, au kwamba rangi yake nzito ilifaa mahali pa huzuni. Sisi hatuoni haja ya kuchagua sababu moja. Mti ukiishi zaidi ya miaka mia tano, watu wa kila kizazi huutafutia maana yao.

Mti wa Selborne ulipimwa katika karne ya 18, na mzunguko wa shina lake ukaonekana kuwa futi 23, karibu meta 7. Kufikia miaka ya 1980 ulikuwa umeongezeka kidogo tu, kama futi tatu hivi. Ndivyo yuu inavyokua, inchi kwa inchi, bila haraka. Umri wake haujulikani kwa hakika, ingawa wako waliousema kuwa zaidi ya miaka elfu moja.

Tarehe 25 Januari 1990 dhoruba kali ilivuma juu ya Uingereza. Watu zaidi ya 40 walikufa siku hiyo. Huko Selborne mti mkuu uling'oka na kuanguka, na mizizi yake ikainuka juu pamoja na udongo. Na ndani ya udongo ule ilionekana mifupa ya watu. Wachunguzi wa mambo ya kale walifukua chini yake kwa uangalifu wakakuta makaburi ya watu waliozikwa karne nyingi kabla. Mizizi ilikuwa imepita katikati yao, ikawakumbatia. Wenyeji walikuwa wamekaa kivulini mwa mti ule siku zote wakingoja kengele ya ibada, wasijue walikaa juu ya nani.

Kisha wakafanya jambo ambalo sisi twalipenda, ingawa halikufaulu. Waliyakata matawi ya mti, wakausimamisha tena kwa mitambo, wakaurudisha katika shimo lake. Ulichipuka majani machache. Watu wakatumaini. Lakini haukushika, ukafa. Kisiki kimebaki, na mimea ya kutambaa imekivika. Mche uliotokana na mti huo ulipandwa katika uwanja huo huo, nao umeota.

Aliyeupima mti ule ndiye mtu wetu. Jina lake Gilbert White. Alizaliwa Selborne tarehe 18 Julai 1720, katika nyumba ya kasisi, maana babu yake, aliyeitwa Gilbert White vile vile, ndiye aliyekuwa kasisi wa parishi wakati huo. Alisoma Oxford, akawekewa mikono, akarudi kwao. Ungedhani angekuwa kasisi wa Selborne kama babu yake. Hakuwa. Haki ya kumchagua kasisi wa pale ilikuwa ya chuo kimoja cha Oxford, naye White alikuwa wa chuo kingine. Basi kwa miaka mingi alitumika kama msaidizi katika kijiji jirani cha Faringdon, na tangu mwaka 1784 mpaka kufa kwake alikuwa msaidizi wa kasisi katika kanisa la kwao. Msaidizi tu. Wako kati yetu wanaojua uchungu wa jambo hilo: kufanya kazi yote ya mahali, kubatiza, kuoza na kuzika, na jina la mwenye cheo likawa la mwingine.

Hatuoni katika maandishi yake kwamba alinung'unika sana. Alitembea, akatazama, akaandika. Kila siku aliandika hali ya hewa, mvua iliyonyesha, ua lililofunguka, ndege aliyefika. Kisha aliwaandikia barua rafiki wawili wenye elimu, Thomas Pennant na Daines Barrington, akiwaeleza aliyoyaona. Barua hizo ndizo zilizofanywa kitabu juu ya viumbe na mambo ya kale ya Selborne. Kilitoka mwishoni mwa mwaka 1788, nacho kimechapishwa mara nyingi tangu hapo hata sasa.

Alikuwa pia na kobe, aliyerithi kwa shangazi yake mwaka 1780, jina lake Timothy, yaani Timotheo. Baada ya kobe kufa, wataalamu waliligundua gamba lake kuwa la jike. Gamba hilo liko katika jumba la makumbusho London mpaka leo. Tumelitaja hilo kwa kuwafurahisha watoto wanaosikiliza. Sasa turudi kanisani.

Chini ya ukingo wa paa la kanisa walikaa bundi weupe wawili, dume na jike, ambao White alisema walizaa hapo tangu alipokuwa na kumbukumbu. Sasa, ndugu zetu, twajua bundi akilia karibu na nyumba usiku, wengi wetu hatulali. Husema ni habari ya kifo. Na bundi aliyejenga juu ya kanisa lenye makaburi pande zote, je! Vijana wangemtafutia mawe kabla ya jua kuchwa. White alifanya lingine. Alishika saa mkononi, akasimama jioni, akahesabu. Akaona kwamba mmoja wa bundi hao alirudi kiotani na panya kila baada ya dakika tano hivi. Akaona pia kwamba bundi humbeba panya kwa kucha, lakini akikaribia paa humhamishia mdomoni, kwa kuwa ahitaji miguu yote miwili ili ajishike na kupanda chini ya vigae. Dakika tano kwa dakika tano, usiku baada ya usiku. Mkulima mwenye ghala ya nafaka angefanya vema kumshukuru bundi huyo.

Aliinama chini pia. Katika barua ya mwaka 1777 aliandika juu ya nyungunyungu. Wakulima wa siku hizo waliwachukia wakiona wanaharibu nyasi na mimea michanga. White akasema kinyume chake, kwamba bila wao ardhi ingekuwa baridi, ngumu, isiyo na rutuba, kwa sababu wao ndio wanaoitoboa, kuilegeza na kuvuta majani makavu mpaka ndani yake. Miaka zaidi ya mia moja ilipita. Ndipo mwaka 1881 Charles Darwin, ambaye alikisoma kitabu cha White akiwa mvulana, alipotoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu, akakadiria kwamba katika eka moja ya ardhi nzuri udongo wa zaidi ya tani 10 hupita matumboni mwao kila mwaka. Basi mtu akiona jiwe la kale uwanjani mwa kanisa limezama nusu katika nyasi, asidhani limesukumwa na mtu. Nyungunyungu wamelitolea udongo kutoka chini na kuuweka juu, kidogo kidogo, kwa miaka mia mbili.

Na juu ya mawe yenyewe kuna madoa ya kijivu, ya manjano, ya rangi ya chungwa. Mtu mwenye bidii ya usafi angependa kuyasugua kwa brashi. Asifanye hivyo. Madoa hayo ni viumbe hai, kuvu na mwani wakiishi pamoja kama mwili mmoja, nayo hukua polepole mno, pengine milimeta moja kwa mwaka au pungufu. Aina zaidi ya 600 zimepatikana katika viwanja vya makanisa ya Uingereza. Sehemu zisizo na miamba, mawe ya kanisa na ya makaburi ndiyo nyumba yao kubwa. Hali kadhalika nyasi. Mashamba yamelimwa na kutiwa mbolea za viwandani, hasa baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, na malisho ya kale yenye maua ya kila namna yametoweka karibu yote. Lakini makaburini jembe la kukokotwa halikuingia. Wafu wamezilinda nyasi.

Tukumbuke jambo hilo tunapouangalia uwanja wa kanisa letu wenyewe, ambao mara nyingi tumekwisha kuufyeka mpaka ukawa vumbi tupu, tukaubomolea mbayuwayu kiota chake cha udongo kwa sababu ameuchafua ubao wa mbele.

Hatutaki kuwapa picha ya uwanja wenye ndege na maua tu, kana kwamba watu wa Selborne hawakuwa na njaa. Walikuwa nayo. Karibu na mahali uliposimama mti wa yuu amezikwa mtu aitwaye John Newland, aliyekufa mwaka 1868. Wenyeji humwita mpiga tarumbeta wa Selborne. Mwezi wa Novemba mwaka 1830 vibarua wa mashamba kusini mwa Uingereza waliinuka. Mshahara wao haukutosha mkate, na mashine mpya za kupura nafaka zilikuwa zimewanyang'anya kazi ya majira ya baridi, kazi pekee iliyowavusha mpaka masika. Tarehe 22 watu wa Selborne walikusanyika, na husemwa kwamba Newland ndiye aliyewaita kwa tarumbeta yake. Waliivamia nyumba ya maskini, mahali walipowekwa watu waliokosa riziki. Waliibomoa paa, wakachoma vyombo. Kisha walimwendea nani? Walimwendea kasisi wa parishi, wakadai apunguze zaka.

Maana katika siku hizo zaka haikuwa sadaka ya hiari itiwayo kikapuni. Ilikuwa haki ya kisheria, fungu la mazao ya kila shamba, na kasisi aliweza kumpeleka mahakamani asiyeilipa. Wenye mashamba waliwaambia vibarua kwamba hawawezi kuongeza mshahara kwa sababu zaka ni nzito. Vibarua wakasema, basi na ipunguzwe. Hawakuwa watu wasioamini. Walibatizwa katika kanisa lile, na mama zao walilala katika uwanja ule. Lakini walipohesabu ni nani walioshiba kutokana na jasho lao, walimkuta mchungaji wao katika hesabu hiyo. Serikali iliwaadhibu vikali waliokamatwa. Wengine walipakiwa merikebuni na kupelekwa Australia, mbali na wake na watoto. Newland, kwa jinsi kisa kinavyosimuliwa, alijificha asikamatwe, akaishi miaka 38 zaidi, akazikwa mahali pa heshima karibu na mti mkubwa. Kwa maoni yetu kaburi hilo ni sehemu ya historia ya kanisa sawasawa na nguzo za mwaka 1180, na mtu anayewaonyesha wageni uwanja ule akiliruka, amewaonyesha nusu tu.

White hakuyaona hayo. Alikuwa amekufa miaka 37 kabla. Lakini aliona jambo lingine juu ya wafu wa parishi yake, akaliandika. Huko kaskazini mwa dunia, jua la mchana hupita upande wa kusini wa mbingu. Kwa hiyo kanisa hutupa kivuli chake upande wa kaskazini, nao huwa baridi na wenye unyevu. Watu waliogopa upande huo. Kila mtu alitaka azikwe kusini. White alieleza kwamba upande wa kusini ulijaa mno, hata haikuwezekana kumzika mtu bila kuisogeza mifupa ya wazee wake mwenyewe, na huku kaskazini mahali palikuwa patupu. Akasema jamaa mbili tatu zenye heshima zilikuwa zimeanza kuzika huko, akatumaini kwamba hofu hiyo ya bure ingepungua taratibu.

Twamwona katika neno hilo alivyokuwa. Hakuwakemea watu mimbarani. Alitazama upande uliokuwa mtupu akajiuliza kwa nini.

Sasa tufike kwenye lile jambo lililomshinda. Kila mwaka mwezi wa Aprili mbayuwayu walifika Selborne, wakajenga katika mabanda na chini ya mapaa, na walipofika mwezi wa Oktoba wakatoweka. Pamoja nao walikuwako wale ndege weusi wenye mabawa kama mundu, ambao wengi wetu huwachanganya na mbayuwayu. Tutawaita barawai. Hao walichelewa kuja na kuwahi kuondoka. Katikati ya Agosti hawakuonekana tena. White aliwahesabu barawai wa kijiji chake mwaka hata mwaka, akapata daima hesabu ile ile: jozi nane, nusu yake kanisani na nyingine katika nyumba za nyasi za watu maskini kabisa. Hilo likamfikirisha. Ikiwa jozi nane huzaa kila mwaka, na bado mwaka ujao hurudi jozi nane, wale wengine huenda wapi?

Naye alijiuliza swali kubwa zaidi: wote huenda wapi wakati wa baridi? Nabii Yeremia aliwataja mbayuwayu miongoni mwa ndege wanaozijua nyakati za safari yao. Lakini wenye elimu wengi wa karne ya 18 walishikilia kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni, au hata chini ya maji ya maziwa, wakalala usingizi mpaka masika. White alivutwa huku na huku. Ndugu yake John alikuwa kasisi wa wanajeshi huko Gibraltar, mahali Ulaya na Afrika zinapokaribiana, akamwarifu kwamba aliwaona mbayuwayu wakivuka bahari makundi kwa makundi, kwenda kusini na kurudi kaskazini kwa majira yao. White aliamini neno la ndugu yake. Lakini mara kwa mara yeye mwenyewe aliona ndege wachache Selborne katika Novemba, siku za jua kidogo, wakati wote walipokuwa wamekwisha kuondoka, na moyo wake ukarudi nyuma. Je, hawa wametoka wapi kama si mashimoni? Mwaka 1781 aliwatuma watu wapekue vichaka na miteremko ya kile kilima cha nyuma ya kijiji, wawatafute ndege waliolala. Hawakupata hata mmoja. White alikufa bila hakika.

Jibu lilikuja polepole. Mwezi wa Mei 1911, mwanasheria mmoja wa jimbo la Staffordshire, aitwaye John Masefield, alimshika mbayuwayu aliyejenga barazani mwa nyumba yake, akamvika mguuni pete ndogo yenye namba. Tarehe 23 Desemba 1912, mbayuwayu huyo huyo alipatikana katika shamba moja huko Natal, Afrika Kusini. Ndege asiyezidi uzito wa gramu 20 alikuwa ameyavuka majangwa na misitu.

Nao barawai? Walingoja zaidi. Mwaka 2010 wachunguzi wa Uingereza waliwavika barawai vyombo vidogo mno vya kupima mwanga wa mchana, ambavyo kwa hivyo mahali pa ndege hujulikana. Waliporudi mwaka uliofuata ilionekana kwamba walikuwa wamekaa miezi ya baridi katika anga ya misitu ya Kongo, na wengine walifika hata Msumbiji. Uchunguzi uliofanywa Sweden, ukatolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba barawai aweza kukaa hewani miezi kumi karibu bila kutua kabisa, akila na kulala hukohuko juu.

Tuseme wazi: mbayuwayu wengi wa Uingereza hupita magharibi yetu kwenda kusini. Wale tunaowaona Kenya tangu Oktoba, wamejipanga kwenye nyaya za simu kama waimbaji wa kwaya, wengi wao wametoka nchi za mashariki zaidi, mpaka Urusi. Lakini ni ndege wa namna ile ile, na swali ni lile lile. Siku zile White alipowatuma watu wakapekue vichaka vya Hampshire, mchunga ng'ombe yeyote wa bara letu angeweza kuona mbayuwayu wakifuata mifugo yake na kudaka nzi wanaotimuliwa na kwato. Hakuna aliyemwuliza. Yeye naye labda alijiuliza: hawa, mvua ikija, huenda kuzaa wapi?

Mwaka 1983 barawai wa Selborne walihesabiwa tena, wakaonekana jozi 12. Miaka mia mbili ilikuwa imepita, na wafalme na vita, na hesabu imesogea kidogo hivyo.

Gilbert White alikufa tarehe 26 Juni 1793. Katika wasia wake aliomba azikwe uwanjani mwa kanisa kwa namna ya kawaida kabisa, pasipo fahari. Badala ya waungwana, alitaka jeneza lake libebwe na vibarua sita waaminifu, wafikiriwe kwanza wale waliolea watoto wengi, na kila mmoja apewe shilingi kumi. Kwa kibarua wa siku zile hiyo ilizidi mshahara wa juma zima. Huenda baba wa mmoja wa wale walioandamana mwaka 1830 alikuwa kati ya hao sita, au hakuwa; kijiji ni kidogo.

Kaburi lake lina jiwe dogo lisilofika kiunoni. Limeandikwa herufi mbili za jina lake, na tarehe. Ndani ya kanisa kuna dirisha la vioo vya rangi lililowekwa mwaka 1920, miaka mia mbili baada ya kuzaliwa kwake, lenye ndege aliowaandika. Wageni hulitazama dirisha hilo kwa muda mrefu. Kisha hutoka nje na kulitafuta kaburi, na wengi hulitafuta kwanza upande wa kusini, penye jua na mawe mengi.

Halipo huko. Vibarua sita walilipitisha jeneza nyuma ya kanisa, wakalishusha upande wa kaskazini. Ilikuwa kiangazi, majira ambayo barawai huwa na makinda kiotani na hulizunguka kanisa jioni wakipiga kelele. Majuma sita baadaye wangekuwa njiani kuja huku.